Tafakari ya Juma: Namba Iliyoandikwa Kwenye Boksi



Katika Injili ya Marko, sura ya 12, aya ya 41 hadi ya 44, tunamkuta Bwana wetu ameketi kulielekea sanduku la hazina ya hekalu, akiwatazama watu wanavyotoa sadaka. Matajiri wanatia fedha nyingi. Kisha anafika mjane maskini, naye anatia sarafu mbili ndogo kabisa. Kama mhasibu wa hekalu angefungua daftari lake jioni ile, jina la mjane huyo lingekuwa mwisho wa orodha. Lakini Bwana anawaita wanafunzi wake na kuwafundisha kwamba huyo ndiye aliyetoa kuliko wote. Sanduku lilijua kilichoingia. Halikujua kilichobaki nyumbani kwa kila mtoaji. Bwana aliyajua yote mawili.

Juma hili tunapenda kuwaalika tulitafakari jambo hili la kipimo kwa kupitia mlango ambao huenda hamkuutarajia, nao ni mlango wa chumba cha kompyuta cha parokia yetu. Humo zimo kompyuta mbili za mezani za siku nyingi, zilizotufikia zikiwa mitumba. Moja ina prosesa ya Pentium 4 ya gigahezi 3.2, iliyotengenezwa na kampuni ya Intel. Nyingine ina prosesa ya Athlon 64 iitwayo 3200+, ya kampuni ya AMD, ambayo mwendo wake ni gigahezi 2.0. Vijana wanaojifunza ufundi wa kompyuta huulizana, kila kundi jipya linapozifungua, ni ipi yenye nguvu zaidi. Jibu la kwanza huwa lile lile daima: 3.2 ni kubwa kuliko 2.0, basi swali limekwisha. Sisi tunaamini kwamba swali halijaisha, na kwamba katika kulijibu kuna somo linalotuhusu sote, hata yule bibi wa jumuiya ndogo ndogo ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake.

Tuanze na maana ya namba yenyewe. Prosesa ni kile kipande kidogo ndani ya kompyuta kinachotekeleza maagizo yote ya programu. Siku hizi prosesa moja hubeba viini vinne, sita au zaidi, mithili ya mafundi kadhaa walioketi benchi moja. Hizi mbili za zamani zina kiini kimoja kila moja: fundi yuko peke yake. Naye hufanya kazi kwa mapigo, kama ngoma inavyowaongoza wachezaji. Kila pigo likilia, hatua moja husogea. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja katika sekunde moja. Hivyo Pentium 4 hiyo hupiga mara bilioni 3.2 kwa sekunde, na Athlon 64 mara bilioni 2. Namba hizo ni za kweli, wala hakuna aliyedanganya. Ila zinaeleza jambo moja tu, yaani ngoma inalia mara ngapi. Hazielezi mchezaji amesogea umbali gani katika kila pigo.

Inafaa tukumbuke jinsi namba hiyo ilivyopata kutawala. Tarehe 6 Machi 2000 AMD ilitangaza prosesa ya Athlon yenye mwendo wa gigahezi 1. Siku mbili baadaye Intel nayo ikatangaza Pentium III ya mwendo huo huo. Kampuni hizo zilikuwa majirani huko California nchini Marekani, moja Santa Clara na nyingine, wakati ule, Sunnyvale, na mashindano yao yalikuwa makali kama ya majirani wanaogombea mpaka wa shamba. Matangazo yalihesabu gigahezi, maduka yalipanga bei kwa gigahezi, na mnunuzi alifika dukani akiuliza gigahezi ngapi. Tarehe 20 Novemba 2000 Intel ilizindua Pentium 4, ikianzia gigahezi 1.4 na 1.5. Waliozipima wakaona jambo la kushangaza. Katika programu nyingi Pentium 4 ya gigahezi 1.5 ilipitwa na Athlon ya gigahezi 1.2, na katika baadhi ya kazi ilipitwa hata na Pentium III ya gigahezi 1, ndugu yake mkubwa ambaye ilikuja kumpokea kijiti.

Iliwezekanaje? Wengi wetu tumewahi kushiriki ujenzi wa kanisa la kigango. Waamini hupanga mstari kutoka kwenye lundo la matofali hadi kwa fundi aliye ukutani, na tofali hupita mkono kwa mkono. Mstari ukiwa na watu 12, kila mmoja hana budi kutembea hatua kadhaa na tofali lake kabla ya kumkabidhi mwenzake. Watu wakiwa 20, kila mmoja hugeuka tu na kutoa. Kwa hiyo mwimbishaji anaweza kuharakisha wimbo, na matofali yakafika upesi zaidi. Prosesa nayo hufanya vivyo hivyo. Kila agizo hugawanywa katika hatua ndogo ndogo zinazopokezana. Athlon 64 ina hatua 12 kwa hesabu za kawaida, na Pentium 4 ilianza na hatua 20. Kadiri hatua zinavyokuwa ndogo, ndivyo mapigo yanavyoweza kuongezwa.

Lakini mtazameni fundi anapobadili neno. Anapaza sauti kwamba matofali basi, sasa anataka mawe. Matofali yote yaliyo mikononi mwa watu hayana budi kuwekwa chini, na jiwe la kwanza lianze safari upya kutoka mwanzo wa mstari. Wenye mstari wa watu 12 wamepoteza jasho la watu 12. Wenye mstari wa watu 20 wamepoteza la 20. Ndani ya kompyuta neno hubadilika mara nyingi mno, maana programu hufika njia panda kila baada ya maagizo machache: ikiwa hivi, fanya hili, ikiwa sivyo, fanya lile. Prosesa haisubiri. Hubashiri njia na kuendelea mbele. Ikibashiri vema, husonga. Ikikosea, kazi yote iliyokuwa mstarini hutupwa. Hapo ndipo tunapoelewa maana nzito ya wahenga wetu waliposema kwamba haraka haraka haina baraka. Anayekimbia sana hulipa gharama kubwa zaidi kila anapokosea njia.

Jambo la pili ni ukaribu. Prosesa huchota kila mara kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kama mwalimu anavyochukua chaki stoo. Katika Pentium 4 ombi hilo lilipitia kwanza kwenye chipu nyingine iliyokaa juu ya mazabodi, ambayo ndiyo iliyosimamia kumbukumbu. Mwalimu alilazimika kumwandikia mtunza stoo na kungoja. Athlon 64, iliyozinduliwa tarehe 23 Septemba 2003, ilibeba msimamizi wa kumbukumbu ndani yake yenyewe. Mwalimu alikabidhiwa ufunguo wa stoo. Muda uliookolewa hapo haukuongeza hata pigo moja kwenye ile namba ya gigahezi, wala haukuonekana popote kwenye boksi. Lakini kazi ilienda.

Sasa tuzilinganishe kwa haki, maana haki ndiyo tunayoitafuta. Pentium 4 ya gigahezi 3.2 ilitoka Juni 2003, ikiwa na transista zipatazo milioni 55 na akiba ya ndani ya kilobaiti 512. Athlon 64 3200+ ilitoka miezi mitatu baadaye, ikiwa na transista zipatazo milioni 106 na akiba ya kilobaiti 1024. Kiwango cha joto kilichotajwa na watengenezaji hakikutofautiana sana: wati 82 kwa ile ya Intel na wati 89 kwa ile ya AMD. Lakini Athlon 64 ilijua kupunguza mwendo na umeme wake pale ilipokosa kazi, ilhali Pentium 4 hiyo iliendelea kupiga mapigo yake yote hata mtumiaji alipokwenda kunywa chai. Katika michezo na katika programu nyingi za ofisi, ile ya gigahezi 2.0 ilitangulia. Katika kazi kama kubana picha za video, ambako njia panda ni chache na mstari mrefu unapata nafasi ya kunyooka, mara nyingi Pentium 4 ndiyo iliyoongoza. Tena ilikuwa na ufundi uitwao Hyper-Threading, uliouwezesha moyo wake mmoja kushughulikia mikondo miwili ya kazi kwa pamoja, hivyo kompyuta haikukwama mtu alipofungua programu nyingi. Kwa hiyo hakuna aliyeshinda katika yote. Mwalimu wa vijana wetu huwapa jibu zuri kuliko lolote tunaloweza kulitoa sisi: huwaambia wazipe zote mbili kazi ile ile, washike saa, na watazame mita ya umeme. Nalo ni jibu la Injili, maana Bwana alitufundisha kuutambua mti kwa matunda yake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo saa ya siku ile isingeweza kulipima. Athlon 64 ilikuwa prosesa ya kwanza ya familia yake, kwa kompyuta za mezani za kawaida, iliyoweza kufanya kazi kwa biti 64, wakati wenzake wote walikuwa wa biti 32. Mwaka 2003 uwezo huo ulionekana kama pambo, kwa kuwa programu za watu wengi hazikuutumia. Windows XP ya biti 64 kwa prosesa hizi ilitolewa Aprili 2005. Hata hivyo, tayari mwaka 2004 Intel yenyewe iliufuata mpango ule ule wa maagizo, na leo ndio msingi wa kompyuta nyingi za mezani tunazozitumia. Mtu aliyeipima siku ya kuzaliwa kwake kwa kazi za siku hiyo tu asingekiona kipaji hicho. Tulishike neno hili, tutalirudia.

Lakini tusije tukamfanya mmoja malaika na mwingine shetani. AMD ilipoona kwamba wateja wanasoma gigahezi tu, ilibuni namba zake. Tarehe 9 Oktoba 2001 ilileta Athlon XP, na ile ya gigahezi 1.33 ikaiita 1500+. Maelezo rasmi yalisema kwamba namba hiyo ililinganisha prosesa mpya na Athlon za zamani, lakini kila mtu dukani aliisoma kama ushindani na Pentium 4. Mwanzoni namba hizo zilikuwa na uaminifu mzuri. Kadiri mbio zilivyoendelea zilianza kutuna. Mei 2003 Athlon XP ya gigahezi 2.2 iliitwa 3200+, na wapimaji wengi waliona kwamba jina limeizidi nguvu, kwa maana haikuweza kwenda sambamba na Pentium 4 ya gigahezi 3.2. Miezi michache baadaye jina hilo hilo la 3200+ likapewa Athlon 64 ya gigahezi 2.0, iliyokuwa na nguvu zaidi. Majina mawili yaliyofanana, prosesa mbili tofauti! Ndivyo inavyokuwa: aliyeonewa na mizani ya jirani yake anaweza kutengeneza mizani yake mwenyewe, nayo baada ya muda ikaanza kuinama upande wake. Kitabu cha Mithali kinatuonya mara kadhaa kwamba Mungu huchukizwa na vipimo visivyo vya haki, wala hakijamruhusu yeyote kwa sababu tu yeye ndiye mdogo.

Tufike sasa mahali panapouma. Hatusemi kwamba wahandisi wa Intel walikuwa wazembe au walaghai. Walikuwa na hoja. Walitarajia kwamba muundo ule ungeongezewa mwendo mwaka hadi mwaka, hata kufikia gigahezi 10. Na kwa kuwa soko lilinunua mwendo, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwazuia. Februari 2004 walitoa Pentium 4 ya kizazi kipya iliyojulikana kwa jina la Prescott, na mstari wao ukarefushwa kutoka hatua 20 hadi 31. Ili kufidia hasara za njia panda waliongeza akiba ya ndani na ubashiri bora zaidi, na transista zikafika milioni 125. Hata hivyo, kwa mwendo ule ule wa gigahezi, mara nyingi prosesa mpya haikuipita ya zamani, na joto lake lilikuwa kubwa zaidi. Transista zilikuwa zimekuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja hata pale zilipokaa kimya. Ile ya gigahezi 3.8, iliyotoka Novemba 2004, ilikadiriwa joto la wati 115, zaidi ya balbu ile ya kizamani ya wati 100 ambayo hakuna aliyethubutu kuishika kwa mkono. Feni zilinguruma, mwendo haukupanda tena.

Oktoba 2004 Intel ilitangaza kwamba Pentium 4 ya gigahezi 4, iliyokuwa imeahidiwa, haitatoka. Mwezi huo huo, katika mkutano mkubwa wa wataalamu wa teknolojia mjini Orlando, mkuu wa kampuni wa wakati ule, Craig Barrett, alipiga magoti jukwaani mbele ya maelfu ya watu na kuomba asamehewe. Alifanya hivyo kwa mzaha, na watu walicheka. Sisi tunaoishi karibu na kiti cha kitubio hatuwezi kuipita picha hiyo haraka. Mzaha huo ulibeba ukweli: kampuni kubwa kabisa ya ufundi huo ilikuwa imeikimbilia namba miaka minne, na namba ilikuwa imegoma.

Wokovu wake ulitoka mahali ambapo wengi hawakuwa wakipatazama. Huko Haifa nchini Israeli, wahandisi wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wametengeneza prosesa ya kompyuta za mapajani iitwayo Pentium M, iliyotoka Machi 2003 ikianzia mwendo wa gigahezi 1.3 hadi 1.6 kwa matoleo yake ya kawaida. Kwa kuwa ilitakiwa kuishi kwa betri, ilifundishwa tangu utotoni kutopoteza. Kila pigo lilipaswa kuwa na kazi. Kutoka katika ukoo huo zilizaliwa prosesa za Core 2 Duo, Julai 2006, zenye mstari wa hatua 14 na viini viwili, ambazo kwa gigahezi chache ziliziacha mbali Pentium 4 zote. Mwaka 2008 Pentium 4 za mwisho zikaondoka kiwandani. Kwa Mkristo si habari mpya kwamba jiwe lililodharauliwa na wajenzi linaweza kugeuka kuwa jiwe la pembeni.

Na ili mtu asije akajivuna kwa ajili ya AMD, tuongeze neno moja. Mwaka 2011 AMD, iliyokuwa imetufundisha kwamba mapigo si kazi, ilitoa prosesa za muundo wa Bulldozer, zenye mstari mrefu, mwendo mkubwa na kazi kidogo katika kila pigo. Mwaka 2013 ilifikia gigahezi 5 kwa prosesa ya FX-9590, iliyokadiriwa joto la wati 220. Mwalimu alikuwa ameanguka katika shimo lile lile alilowaonyesha wengine kwa kidole. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho, katika waraka wa kwanza, sura ya 10, kuhusu mtu anayejidhania amesimama imara. Maonyo yake hayajachakaa.

Wapendwa, somo letu liko hapa. Tumezoea kusema kwamba kipimo kibaya humdanganya mnunuzi. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu tu ya madhara. Nusu iliyo mbaya zaidi ni hii: kipimo kibaya humuumba upya anayepimwa. Watu waliponunua gigahezi, ziliundwa prosesa za kuzaa gigahezi. Mstari ulirefushwa, joto likaongezeka, kazi ikapotea njiani, ili namba ya kwenye boksi ipande. Chochote tunachokipima kwa namba moja, baada ya muda kitajikunja kifanane na namba hiyo.

Na sisi tunawapima watoto wetu hivyo. Mama mmoja alitujia ofisini akiwa amefadhaika. Mwanawe alikuwa akisoma kidato cha nne katika shule ambayo hatutaitaja. Aliitwa na kuelezwa kwa maneno ya upole kwamba ingefaa kijana huyo aandikishwe kufanya mtihani kwingine kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa kuwa wastani wa shule ungeshuka. Mama hakulia alipotueleza hayo. Alilia alipouliza swali lake: “Padre, kwani mwanangu hana akili?”

Kijana huyo tunamfahamu. Ndiye anayemshika mkono babu yake asiyeona na kumleta kwenye Misa ya kwanza kila Dominika, naye humsomea masomo ya Misa jioni ya Jumamosi, polepole, akirudia pale mzee anapotaka kurudiwa. Hakuna karatasi ya mtihani yenye nafasi ya kuliandika jambo hilo. Tulimjibu mama yake hivi: “Mama, shule imepima jambo moja, nalo ni la kweli. Lakini mwanao si jambo moja.” Hatukumwahidi kwamba atakuwa mhandisi au daktari. Mitihani ni halali, kama gigahezi zilivyo halali, na mtoto anayeshindwa hesabu anahitaji kufundishwa hesabu, hahitaji kufarijiwa tu. Kesho yake tulikwenda naye shuleni, tukazungumza na uongozi kwa heshima, na kijana akaandikishwa pamoja na wenzake. Matokeo bado hayajatoka. Yawe mazuri au mabaya, Dominika inayofuata babu yake ataletwa kanisani na mkono ule ule.

Tunawashukuru walimu wengi wanaofanya kazi ngumu, na hatuwatupii lawama wao peke yao. Shule ile haikuzaliwa ikiwa na moyo mgumu; iliumbwa hivyo na sisi wazazi na walezi, tuliouliza mwaka baada ya mwaka ni shule ya ngapi kwenye orodha. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha desturi ya kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora. Wengine walinung'unika wakisema kwamba tumenyimwa kipimo. Sisi tuliona kwamba tumepewa nafasi ya kuuliza maswali mengine: Mtoto amefundishwa kufikiri? Amejua kusema kweli? Kuna kipaji gani ndani yake, kama zile biti 64, ambacho wakati wake haujafika? Nabii Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese, alivutiwa na kimo cha mwana wa kwanza, na Mungu akamrudi akimfundisha kwamba Yeye hutazama moyo. Aliyechaguliwa alikuwa malishoni na kondoo, hata baba yake hakuona haja ya kumwita.

Wala tusiwasahau wenye nyumba ya Mungu. Paroko anaweza kupimwa kwa idadi ya mabati aliyoezeka. Jumuiya inaweza kupimwa kwa kiasi cha michango, na kwaya kwa wingi wa sare zake. Namba hizo zina manufaa yake, na daftari la parokia ni lazima litunzwe vizuri. Lakini tukizifanya kuwa kipimo cha pekee, tutapata parokia yenye feni zinazonguruma: mikutano mingi, kamati nyingi, joto jingi, na mgonjwa wa mtaa wa pili hajatembelewa tangu Pasaka. Tujihadhari pia na mstari mrefu katika maisha yetu wenyewe, pale tunapoanzisha mambo 31 kwa pamoja kwa kubashiri kesho, kisha neno moja la daktari au la mwajiri linabadilika, na yote yaliyo mikononi yanaanguka chini. Tukae karibu na chemchemi. Aliye na ufunguo wa stoo hahitaji kukimbia.

Kwa juma hili tunawaachia maswali matatu ya kujiuliza katika familia na katika jumuiya:

1. Ni namba gani ninayoitumia kumpima mwenzi wangu, mwanangu au mfanyakazi wangu, nayo imemgeuza kuwa nani?

2. Katika haraka zangu za kila siku, ni kazi kiasi gani inayofika mwisho, na ni kiasi gani inayotupwa njiani?

3. Ni nani katika mtaa wetu ambaye kipimo chetu hakimwoni, na ambaye juma hili ninaweza kumwendea?

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe uliyetuumba unatujua tulipoketi na tulipoondoka. Tunakuomba utuepushe na mizani ya dunia, inayoona kinachoingia sandukuni na kusahau kilichobaki nyumbani. Uwape walimu wetu hekima, wazazi wetu subira, na vijana wetu matumaini, hasa wale wanaongoja matokeo kwa hofu. Utujalie tufanye kazi yenye matunda kuliko kelele, nasi tukae karibu nawe siku zote. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakia juma lenye baraka. Tumsifu Yesu Kristo!